Kuzuia kutu kwenye chasisi ya Hilux ya 1994: gereji ya Uyole, baada ya masika mawili

Jumamosi iliyopita nilitandika gunia chini ya gari, nikalala chali na tochi ya simu mkononi, nikaikagua chasisi kuanzia bampa la mbele mpaka mwisho wa nyuma. Nilikuwa na nyundo ndogo, nikagonga kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima kinalia kama ile rimu inayogongwa shuleni wakati wa mapumziko. Kilicholiwa kinalia kizito, kama umegonga boga. Nilisikia rimu mwanzo mpaka mwisho, isipokuwa sehemu moja ambayo nitaieleza. Ndipo nikaona sasa naweza kuandika kuhusu kazi niliyofanyiwa Uyole, hapa Mbeya, Oktoba 2023. Kusifia kazi ya kuzuia kutu wiki moja baada ya kulipa ni sawa na kusifia mbegu ingali guniani. Nilisubiri masika mawili yapite.

Gari ni Hilux ya 1994, ile modeli ya LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, springi bapa mbele na nyuma. Usajili wake ni namba A, zile za zamani. Marehemu baba aliinunua ikiwa imeshatumika Japani, na alipofariki ikabaki mikononi mwangu. Siku nyingi inabeba viazi kutoka Isongole na Ndaga kuja Mwanjelwa. Msimu wa kupanda inageuka, inapandisha mbolea. Mara nyingine inaingia barabara ya Isyonje kuelekea Kitulo, ambako Februari tope linafika kwenye ekseli. Anayeendesha ni mdogo wangu wa mwisho. Injini haijawahi kunipa shida ya maana. Ni chuma kinachoibeba ndicho kilichokuwa kinakufa kimya kimya.

Watu hushangaa nikisema chasisi ya gari la Mbeya inaoza. Wanasema kutu ni ya Dar na Tanga, hapa bahari iko wapi? Kweli bahari hatuna, wala hatumwagi chumvi barabarani kuyeyusha barafu kama wanavyofanya Marekani, ambako mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya chasisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa makubaliano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Lakini sisi tuna mvua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na kutu haitaki zaidi ya maji na hewa. Halafu tuna kitu ambacho wenye pikapu wengi hawakihesabu: mbolea. CAN, ile mbolea ya kukuzia, ni chumvi. Acha gunia lake wazi usiku mmoja wa Januari, asubuhi utakuta punje zimelowa zenyewe kwa unyevu wa hewani. Sasa fikiria punje hizo zimepenya kwenye mbao za bodi, zimedondokea juu ya chasisi na kukaa humo miaka kumi.

Baba alikuwa na njia yake. Kila Desemba alipaka oili chafu kwa brashi, chini kote, na ninaamini ndiyo iliyolifikisha gari hapa. Simlaumu, ndicho alichokuwa nacho. Lakini oili chafu inaoshwa na dimbwi la tatu, inashika vumbi, na inavimbisha raba za bushi mpaka zinalegea. Ina asidi na masizi ya injini, vitu ambavyo sivitaki kwenye mikono ya mdogo wangu wala kwenye udongo ninaolima viazi. Na kubwa kuliko yote, brashi inafika nje tu. Mihimili ya chasisi ya gari hili ni boksi, ina uwazi ndani, na kutu ilianzia humo.

Mwaka 2021 nilijaribu njia ya pili. Niliipeleka gereji moja mjini, sitaitaja, wakanipigia lami nyeusi kwa shilingi 120,000. Waliosha asubuhi, wakapiga mchana, jioni nikaondoka. Ilipendeza kweli, chini kote kama gari limetoka melini siku hiyo. Masika ya pili nikaona lami imevimba nyuma ya tairi la kulia, mahali springi inaposhikwa. Nilibonyeza kwa kidole gumba, lengelenge likapasuka, yakatoka maji ya rangi ya chai. Nikasimama pale nikiangalia kidole changu. Lami ngumu ikishapata ufa mdogo inaingiza maji na haiyaachi yatoke, na ikipigwa juu ya kutu mbichi na chuma chenye unyevu, inakuwa blanketi la kutu. Nililipa ili chasisi yangu ioze mahali nisipoona.

Gereji ya Uyole nilielekezwa na dereva mwenzake mdogo wangu. Iko upande wa barabara ya kwenda Tukuyu: uwanja wa changarawe, banda la mabati, shimo moja la kukagulia magari, kompresa inayopiga kelele kutwa. Fundi ni mtu mzima mwenye vijana watatu. Nilipofika nikauliza bei, akakataa kuitaja. "Mama, mgonjwa sijamwona, nitakutajiaje bei ya dawa?" Akaingia chini na nyundo, nikawa nasikia tu milio. Kisha akaniita, akanipa bisibisi.

"Bonyeza hapa, mama. Kwa mkono wako mwenyewe."

Bisibisi ilizama. Sikutumia nguvu yoyote. Iliingia mpaka karibu na mpini. Ni pale pale palipotoka maji ya chai. Akaniambia mgonjwa hajafa ila amechelewa, na bei ataipiga baada ya kusafisha, kwa sababu kabla ya hapo kila namba atakayoitaja ni ya kubahatisha. Nilimwamini hapo.

Siku ya kwanza walifungua bodi ya nyuma, vijana wakainyanyua na kuiweka juu ya matairi ya zamani. Hiyo peke yake inatenganisha gereji hii na ile ya mjini. Sehemu ya juu ya mhimili, chini ya bodi, ndipo uchafu unapokaa, na huwezi kuifikia bodi ikiwa imefungwa. Kisha fundi akachukua waya wa seng'enge, akaunyoosha, akaukunja ncha kama ndoano na kuuingiza kwenye tundu la kutolea maji la mhimili wa kulia. Matundu hayo yamewekwa kiwandani ili maji yanayoingia yatoke. Langu lilikuwa limeziba kabisa. Alizungusha waya kidogo, likadondoka tope.

Hapa naomba nieleweke. Ilikuwa Oktoba. Mvua ya mwisho tuliipata Mei. Uyole ilikuwa vumbi tupu, na majani ya migomba ya jirani yamepauka. Tope lililotoka ndani ya chasisi yangu lilikuwa bichi. Jeusi, zito, linanata kwenye kiganja, na ndani yake nikaona punje nyeupe za mbolea, nyingine zimeyeyuka nusu, na punje moja ya mahindi. Walitoa karibu nusu ndoo kwenye mhimili ule mmoja. Fundi akaniambia chumvi ya mbolea ndiyo inayolishikilia lile tope lisikauke, kwa hiyo chuma kilikuwa kwenye masika mwaka mzima, hata Septemba. Kwa miaka yote nilikuwa naosha bodi mpaka ing'ae huku tumbo la gari limejaa udongo wa Kitulo.

Waliosha kwa maji ya presha kupitia kila tundu mpaka yanayotoka yakawa meupe. Baada ya hapo, siku mbili, hawakugusa kitu. Gari limekaa juani, limevuliwa nusu, na mimi nina viazi vya watu Isongole. Nilipiga simu, nikasema maneno makali. Akanijibu taratibu, "Mama, siwezi kufunga maji ndani ya chuma halafu nikuite uje kulipa. Hivyo ulishafanyiwa." Siku ya tatu walipuliza hewa ya kompresa ndani ya mihimili, akaingiza kitambaa kikavu kwa waya, akakitoa na kunionyesha: kikavu. Ndipo kazi ikaendelea. Kwa hiyo ukitaka kazi hii nenda kati ya Juni na Oktoba. Yeye mwenyewe hapokei kazi ya chasisi mvua zikianza, anasema atakudanganya.

Kusugua kulichukua siku nzima na nusu. Grenda yenye brashi ya waya kwa sehemu za wazi, tindo na nyundo kwenye pembe. Pale springi inaposhikwa kuna bamba limepigwa riveti juu ya mhimili, na kutu ilikuwa imeingia katikati ya vyuma viwili na kuvitenganisha. Ungeweza kupitisha sarafu. Sikujua kuwa kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana ina nguvu ya kusukuma. Ilibanduka vipande, tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu. Nilichukua kimoja nikakiweka kwenye dashibodi, bado kipo, mdogo wangu akikiona anakumbuka kuosha.

Mahali bisibisi ilipozama hawakubandika bati juu kama nilivyozoea kuona. Walikata mpaka wakakuta chuma kinachong'aa, wakachomelea bamba la milimita 4. Betri ilifunguliwa, tanki la dizeli likashushwa. Uchomeleaji unafanyika kabla ya nta, ile kinga ya kutu inayopuliziwa ndani ya mihimili, kwa sababu nta inashika moto, na pia moto wa kuchomelea unaunguza kinga yoyote iliyo upande wa ndani. Nilimuuliza kuhusu utaratibu huo na akanieleza bila kuona nina maswali mengi. Nathamini fundi wa namna hiyo, hasa anapoongea na mwanamke kuhusu gari lake.

Baada ya hapo dawa ya kutu kwa ile kutu nyembamba isiyotoka kwa brashi. Unaipaka, na mbele ya macho yako ile kahawia inageuka kuwa nyeusi. Ni asidi inayoibadilisha kutu iwe kitu kingine kisichoendelea kula. Inafanya kazi kwenye kutu nyembamba tu iliyoshika. Kwenye maganda mazito utapoteza pesa. Kisha praima ya redoksaidi, ile rangi nyekundu ya chini, mikono miwili, rangi nyeusi juu yake. Nje kumekwisha.

Ndani ilikuwa nta, na hii ndiyo sababu ya kuandika kote huku. Ni nta laini ya kupulizia, inabaki na ulaini wake, inatambaa kwenye maungio, na ikikwaruzwa haipasuki kama lami. Kwa baridi ya Uyole asubuhi ilikuwa nzito, hivyo waliweka kopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kamwe si juu ya moto. Kijana mmoja alipolisogeza kopo karibu na jiko, fundi alimkemea vikali, na alikuwa sahihi. Alikuwa na mpira mwembamba ambao ncha yake ameitoboa vitundu kuzunguka pande zote. Anauingiza ndani ya mhimili mpaka mwisho, anafungua hewa, halafu anauvuta nje polepole, huku nta inarushwa juu, chini na pembeni. Anarudia mpaka nta idondoke yenyewe kwenye matundu ya chini. Hapo unajua imefika. Mwisho akapitisha waya kwenye kila tundu ili nta isije ikaziba njia ya maji tuliyoitafuta kwa nusu ndoo ya tope.

Jambo moja dogo lilinifurahisha kuliko yote. Namba ya chasisi, ile iliyogongwa karibu na tairi la mbele la kulia, hakuipaka rangi. Aliisafisha kwa brashi ya mkono, akaipaka nta peke yake. Namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari, na siku ya kuuza au kukaguliwa lazima isomeke.

Nililipa 600,000 jumla: kazi 250,000, kuchomelea 120,000, vifaa 230,000. Ni pesa. Kwangu ni safari kadhaa za viazi. Lakini 120,000 ya lami ndiyo iliyonigharimu zaidi, maana sehemu kubwa ya siku zile za kusugua ilikuwa ni kuitoa.

Sasa yale yasiyoniridhisha. Aliniambia siku nne, zikawa nane, na hakupiga simu hata mara moja kunijulisha; ni mimi niliyekuwa napiga. Mteja akielezwa mapema anajipanga, anakodi gari. Nta ilirukia bomba la moshi, tukanusa moshi ndani ya kabini siku mbili. Breki walizifunika vizuri kwa magazeti, bomba wakalisahau.

Kubwa zaidi: mhimili wa kukatiza mbele, chini ya rejeta, mpira wao haukufika. Niligundua Februari 2024 nilipoona mstari wa kahawia unachuruzika kutoka kwenye tundu. Nilirudi nikiwa nimejiandaa kwa ubishi. Fundi aliingia chini, akatoka, akasema, "Mama, hili ni langu." Hakutoza kitu, lakini alisema tusubiri jua, akakwangua nje tu kwa muda na kunipangia Juni. Juni akaifanya. Ndiyo sehemu niliyosema haikulia kama rimu Jumamosi: inalia katikati, si boga wala rimu. Haijaendelea kuliwa, lakini miezi ile minne iliondoka na chuma chake.

Na vijana wake. Wanasugua kutu na lami kavu, vumbi linawaingia machoni na kifuani, hawana miwani wala barakoa. Nilimwambia mbele yao kwamba macho ya mtoto wa mtu hayachomelewi. Nilipokwenda Oktoba 2024 kwa ukaguzi nilikuta miwani imenunuliwa, barakoa bado. Nitaendelea kusema kila nikienda, na wewe ukienda sema.

Ukaguzi wa mwaka ni 60,000: wanazibua matundu, wanachungulia ndani, wanaongeza nta panapohitaji. Kati ya ukaguzi na ukaguzi kazi ni yetu. Mdogo wangu anatandika turubai kabla ya kupakia mbolea. Akirudi anaosha chini kwa mpira wa maji, si juu tu, na anapitisha spoku ya baiskeli kwenye kila tundu. Dakika kumi. Na tumeacha kubeba lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, ingawa wateja wawili walinihama kwa ajili hiyo. Gunia lile linamuumiza mkulima kwenye mizani, linamuumiza mpagazi mgongoni, na chasisi ya miaka thelathini nayo ni mgongo.

Kama chasisi yako imepasuka karibu na boksi ya usukani, usiende kutafuta nta. Siku niliyochukua gari langu alikuwepo kaka mmoja na Hilux kama yangu, ametoka Kyela, anataka kupakwa tu ili auze. Fundi alimwonyesha ufa pale usukani unaposhikwa, akamwambia hataweka rangi juu ya kitu kitakachoua watu mteremko wa Kiwira, atafute chasisi nyingine. Yule kaka aliondoka kwa hasira. Fundi alipoteza kazi ya siku nzima, akarudi chini ya gari langu kumalizia kufunga bolti.

Mvua za mwaka huu zimekatika, na nimeshapiga simu kushika nafasi ya wiki ya pili ya Oktoba. Safari hii nimemwomba aupitishe mpira wake kwenye ule mhimili wa mbele nikiwa nimesimama pale, na nimemwambia mdogo wangu asipakie mbolea wiki hiyo, gari lifike likiwa kavu.